Boksi la Sabufa Linakoroma

SWALI: Shikamoo fundi. Nakaa Maweni, hapa hapa Malindi. Nimejitengenezea boksi la faiba kwenye kona ya buti ya Probox, la sabufa ya inchi 10. Nilivuta kitambaa cha suweta juu ya pete ya MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa), nikapaka rezini, kisha nikaongeza mati mbili za nyuzi za kioo. Wiki mbili zimepita, ndani bado pananata, na nikiongeza besi boksi lakoroma. Nilivunje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usilivunje.

Kunata kwanza. Rezini ya polista isiyo na nta haikauki vizuri pale inapoguswa na hewa, hata chini yake ikiwa ngumu kama jiwe. Bonyeza kwa ukucha: usipozama, futa kwa asetoni, piga msasa namba 80, uendelee. Ukizama, hadina, yaani dawa ya kugandisha rezini, ilikuwa chache, na hiyo rezini mbichi lazima uikwangue yote.

Koromo limetokana na wembamba wa zile mati mbili. Miaka yote nimeziba mashua kwa faiba, na nakwambia: mahali palipopinda hujishikilia penyewe, penye bapa hutikisika. Gonga boksi zima kwa kifundo cha kidole. Panapolia kama debe tupu, hapo ndipo. Tia taruma kwa ndani, kipande cha mbao kama cha chomboni, ukifunike kwa mati, kisha uongeze mati kote mpaka unene ufike milimita 6 hivi.

Fanya kazi alfajiri, mlango wazi, barakoa ya kuchuja mvuke wa rezini usoni na miwani machoni, maana hadina hupofusha. Koroga kidogo kidogo: rezini gramu 300, hadina gramu 3. Niliwahi kukoroga ndoo nzima saa saba mchana, ikafuka moshi kabla sijachovya brashi mara ya pili.

Ikishakauka, pima ujazo. Tandika mfuko wa nailoni ndani, umwage pojo kwa kopo la lita moja ukihesabu. Boksi lililozibwa la inchi 10 mara nyingi hutaka lita 18 hadi 28, ila ifuate karatasi ya vipimo vya spika yako, na utoe nafasi inayoliwa na sumaku.

Mwisho funga spika, usukume koni taratibu kwa viganja viwili. Ikirudi polepole, hewa haivuji. Ikirudi mara moja, tafuta ufa kandokando ya ile pete ya MDF.