Mfumo umekosea, au hatukuulizana vizuri?

Tulikaa na viongozi wa mwalo, wakakubali kila kitu. Sasa mfumo wa kurekodi dagaa unalalamika kila mwezi kwamba takwimu za siku kadhaa hazijaingizwa. Nani kazembea? (Msanidi programu, Kigoma Mjini)

Hakuna aliyezembea. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa, kwa hiyo mitumbwi mingi inapumzika. Ninyi mmewajengea kalenda ya ofisini. Hawakuwaambia kwa sababu jambo ambalo kila mtu ufukweni analijua, nani atalitaja kikaoni? Nendeni mwalo wa Kibirizi alfajiri, msiulize kwanza. Tazameni nani anahesabu ndoo, na daftari liko kwa nani. Nasikia akina mama wanaoanika dagaa hamkuwaita kabisa. Hapo mmejinyima wenyewe.

Mwenyekiti akiwepo, sisi makarani tunaitikia tu. Mfumo ukikwama tunaambiwa, "Si mlikubali wenyewe?" (Karani wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, Urambo)

"Ndiyo mzee" ni adabu, msanidi asiihesabu kuwa ni idhini. Mwombeni aje penye mizani siku ya masoko ya tumbaku, halafu awape fomu ya karatasi mjaze taarifa za msimu uliopita, kabla hajaandika mstari hata mmoja wa programu. Hata London mwaka 1992 mfumo wa kupanga magari ya wagonjwa ulivurugika siku ulipoanza kutumika kikamilifu, Oktoba 26. Uchunguzi ulitaja ratiba ya kubana mno, na wafanyakazi ambao hawakuwa na imani na mfumo wenyewe.

Kuhakiki mara mbili si kunatosha? (Mwanafunzi, Tabora)

Inategemea kosa. Mwanasaikolojia Mwingereza James Reason alitenganisha kuteleza, kusahau na kukosea mpango wenyewe. Ukiandika 50 badala ya 500, uhakiki utakukamata. Mpango ukiwa mbovu tangu mwanzo, mtauhakiki walewale na mtauona safi.

Tukiandika mkataba wa kina na msanidi, je? (Mfugaji nyuki, Sikonge)

Uandikeni, lakini msilale. Chombo cha anga cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilipotea Septemba 1999. Maelezo ya maandishi yalitaka vipimo vya metriki, programu moja ikatoa vya Kiingereza (vya pauni), na hitilafu haikunaswa mapema. Kwenu anzeni na hili: kilo zinazoingizwa ni za asali tupu, au pamoja na ndoo?