Kura ya mbunge na hofu ya uchaguzi ujao

Umeuliza kama mbunge anayetaka kurudi bungeni hupiga kura kwa dhamiri au kwa kuwaogopa wananchi. Nionavyo, mara nyingi haogopi wanachofikiri leo, kwa kuwa wengi hawafuatilii miswada. Anachohofia ni jinsi mpinzani atakavyoitumia kura hiyo jukwaani wakati wa kampeni.

Tazama Marekani, ambako wajumbe wa Baraza la Wawakilishi huchaguliwa kila baada ya miaka 2. Septemba 29, 2008, wiki tano tu kabla ya uchaguzi, baraza hilo liliukataa mpango wa dola bilioni 700 wa kuokoa benki kwa kura 228 dhidi ya 205. Wengi wa waliokuwa wakistaafu waliuunga mkono, ilhali waliokabiliwa na ushindani mkali majimboni waliukataa kwa wingi.

Hofu hiyo si ya kufikirika. Agosti 1993, Marjorie Margolies-Mezvinsky wa Pennsylvania, aliyekuwa ameahidi kuipinga bajeti ya Rais Clinton, aliiunga mkono dakika za mwisho ikapita kwa 218 dhidi ya 216, huku wapinzani wakimuaga kwa kejeli ukumbini, na mwaka uliofuata akapoteza kiti.

Pale ambapo chama ndicho hupanga orodha ya wagombea, hofu huhamia kwa viongozi wa chama, na mbunge hukiasi kwa nadra hata wapigakura wake wanapolalamika.