Ukisikia "knock off", sikiliza kinachofuata

Vijana ninaowafundisha Kiingereza hapa Unguja, wengi wao wakijiandaa kwa kazi za hoteli na kutembeza wageni, huja na madaftari yaliyojaa maana za "knock off". Wamezikariri zote, na bado mgeni akiwauliza "What time do you knock off?" wanakwama. Ninachowashauri ni kuachana na orodha na kusikiliza neno linaloandamana na kitenzi.

Mbona kwenye Kiswahili tunaweza? Hakuna mtoto aliyekalishwa chini kufundishwa maana za "piga". Tunapiga simu, pasi, mswaki, kura, hodi, na hakuna anayefikiria kipigo, kwa sababu nomino ndiyo inayotuonyesha njia. "Knock off" inataka sikio hilohilo.

Pasipofuata kitu, au ukifuata muda tu, ni kumaliza kazi ya siku. "I knock off at five" ni natoka kazini saa kumi na moja jioni. Matumizi haya ni ya tangu karne ya 17 na hayana ubaya wowote.

Ikitajwa fedha, ni kupunguza bei. Mtalii pale sokoni Darajani akisema "Can you knock ten dollars off?" anaomba umpunguzie dola 10, basi. Tazama kiasi kilivyoingia katikati ya "knock" na "off". Kiwakilishi nacho lazima kikae hapohapo, na "Knock it off!" ni "Hebu acha hiyo!", kama mzazi anavyowakemea watoto wanaosumbuana. Anayeisema ameshaudhika. Usimwambie mgeni, wala msimamizi wako.

Ikitajwa makala au barua, ni kuiandika chapuchapu. Benki au duka, ni kuiba. Mtu, mara nyingi ni kumuua, kwa lugha ya filamu za majambazi. Lakini kwenye habari za michezo, hasa za Marekani, ni kumshinda aliyetarajiwa kushinda: Morocco ilipoifunga Ureno 1-0 kwenye robo fainali ya Kombe la Dunia 2022, mtu angeweza kusema "Morocco knocked off Portugal". Kwa hiyo usishtuke kabla hujajua mazungumzo yanahusu nini. Uingereza kuna na maana ya kihuni ya kulala na mtu. Itambue ukiisikia, usiitumie.

Wenye maduka, hili ni lenu zaidi. Kuna nomino "knock-off", yaani bidhaa feki iliyoigwa kwa nyingine yenye jina kubwa. Mkazo wake uko kwenye "knock", ilhali kwenye kitenzi "off" hutamkwa kwa nguvu. Mteja akiushika mkoba na kuuliza "Is this a knock-off?", haombi punguzo, anataka kujua kama ni halisi. Ukimjibu "Yes, yes" ukidhani mnapatana bei, umemwambia unauza feki, na pengine mkoba wako ni halisi kabisa.

Kwenye daftari, andika sentensi nzima uliyoisikia, pamoja na nani aliisema na mlikuwa wapi. Kwenye usaili na barua za kazi tumia "finish work" na "reduce the price". "Knock off" ibaki kwa maongezi na wenzako wa kazini, na kwa sokoni.