Nilimpa bosi nakala, mwenzangu kaninunia

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nipo kitengo cha uhasibu. Mwenzangu wa ununuzi alichelewa kuniletea ankara, nikamwandikia barua pepe ya kumkumbusha na kwenye Cc nikamweka mkuu wetu, ajue kazi imekwama wapi. Niliandika kwa adabu, nikaanza na salamu, nikamaliza kwa shukrani. Tangu hapo ananijibu kwa neno moja moja. Nimekosa wapi?
Mhasibu

JIBU: Marahaba mwanangu. Sina shaka na salamu zako. Ila mwenzako alipofungua barua, kabla ya salamu aliliona jina la mkuu, na kuanzia hapo kila sentensi aliisoma kama mashtaka. Hata ungeandika "tafadhali" mara tatu, asingeiona.

Herufi Cc, yaani "carbon copy" au nakala ya kaboni, zimetokana na karatasi ya kaboni, ile iliyopachikwa kati ya karatasi mbili kwenye taipureta ili barua ikitoka, itoke na nakala yake. Anayewekwa hapo anaarifiwa tu, hatakiwi kutenda. Sasa jiulize: mkuu alihitaji kuarifiwa siku ile, au ulitaka uzito wa jina lake? Kumbusho la kwanza ni la mhusika peke yake. Asipojibu, mpigie simu au mfuate mezani kwake. Ikifika mahali mkuu lazima ajue, mwambie mwenzako kabla, kisha andika wazi ndani ya barua: "Nimempa mkuu nakala kwa kuwa idhini ya malipo ni yake." Hapo hakuna anayeviziwa.

Na usije ukashawishika kumweka mkuu kwenye Bcc, ile nakala ya siri ambayo wapokeaji wengine hawaoni jina la aliyewekwa. Nalichukia jambo hili. Mwenzako anadhani mnaongea wawili, kumbe yuko wa tatu anayesikiliza. Na huyo wa tatu akibonyeza "jibu wote", siri imekwisha. Bcc ina kazi yake ya heshima: unapotuma tangazo kwa watu wengi wasiofahamiana, inazuia anwani za kila mmoja zisisambae kwa wengine.

Hukunieleza uliandika nini kwenye mada. Kama uliandika "Ukumbusho" au "MUHIMU", badilisha. "Ankara za Machi: nazihitaji kabla ya Alhamisi saa sita mchana" inamweleza kila kitu hata kabla hajaifungua. Herufi kubwa tupu ziache kabisa. Mwongozo wa adabu za intaneti wa mwaka 1995, uitwao RFC 1855, ulikwishasema kwamba zinasomeka kama kupiga kelele. Mwongozo huohuo unashauri jibu lenye hasira lilale hadi kesho yake kabla ya kutumwa. Nakuomba ushike hilo, maana majibu ya neno moja moja yanachokoza.

Kwa sasa usimwandikie barua ya kuomba radhi. Nenda kwake, mwambie ulikuwa na wasiwasi wa tarehe ya malipo na kwamba ulipaswa kuanza naye. Muulize pia ankara zinakwama wapi. Huenda naye anazingoja kutoka kwa wauzaji. Zikikufikia, bonyeza "jibu wote" kwenye ileile barua, mkuu akiwa bado kwenye Cc, uandike kwamba zimefika kamili na unamshukuru mwenzako kwa jina.