Usilipe kabla hujaona namba za vyumba: jibu kwa anayesafiri melini na watoto wakubwa

Mkuu, simama hapo hapo. Hiyo amana usiitoe leo.

Nimesoma swali lako la safari ya likizo melini, wazazi wawili na watoto wawili, mpaka pale uliposema wakala amekupatia "vyumba viwili vya ndani vya dhamana, bei ya chini kabisa, na vitakuwa pamoja", nikashindwa kuendelea. Una binti wa miaka 16 na kijana wa 13, na mtu anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Gunia hilo nililibeba mimi, na mbuzi hakuwemo.

Chumba cha ndani ni kile kisicho na dirisha. Chumba cha dhamana maana yake unalipia aina ya chumba, hulipii chumba. Kampuni inakuhakikishia kwamba hutalazwa kwenye aina ya chini kuliko uliyolipia, basi. Hati inatoka na herufi GTY (kifupi cha "guarantee", yaani dhamana) pale panapotakiwa kuwa na namba. Namba wanaipanga wao, pengine siku chache tu kabla ya meli kung'oa nanga, kwa kugawa vilivyobaki. Na vinavyobaki ni vile ambavyo wenye macho walishavikataa: chini ya sitaha ya bwawa, ambako viti huanza kuburutwa alfajiri, juu ya ukumbi wa muziki, au kule mbele kabisa, ambako mnyororo wa nanga unakuamsha kila bandari.

Hilo la kelele mtu anaweza kulivumilia. Balaa ni kwamba umenunua dhamana MBILI. Vyumba viwili ni bukingi mbili, kila moja inapangwa kivyake. Wakala atakwambia "nimeziunganisha kwenye mfumo". Ndiyo, ameziunganisha, na kazi ya kuunganisha huko ni mkae meza moja wakati wa chakula na wahudumu wajue mko pamoja. Haivuti vyumba vikasogeleana. Hata akiandika ombi la kuwekwa karibu, ombi ni ombi. Asiyekuwa na namba hana cha kudai.

Sasa pima umbali. Meli kubwa za siku hizi zinavuka mita 300, na zile za daraja la Oasis za kampuni ya Royal Caribbean zina kama mita 360. Watoto wakipangwa omo, yaani mbele, sitaha ya 3, ninyi tezi, yaani nyuma, sitaha ya 10, kila anayesahau dawa ya meno ana safari ya korido nzima, foleni ya lifti, na kurudi. Wahenga walisema tezi na omo marejeo ni ngamani. Nadhani wao walisafiri na vyumba vyenye namba.

Na usijidanganye kwamba utapanda tu uwaambie watu wa mapokezi wakubadilishie. Meli ikijaa hakuna cha kubadilisha, na masharti ya dhamana yanasema wazi kwamba mpango wao ndio wa mwisho. Ukishtuka mapema ukaomba kuhamia vyumba vya kuchagua, utalipa tofauti kwa bei ya siku hiyo, siyo ya siku uliyonunua. Ule unafuu uliokufurahisha unaishia hapo, na mara nyingi unapitiliza. Ambaye hatapoteza hata senti ni yule aliyekwambia "usijali, huwa wanawaweka pamoja". Huwa wanawaweka pamoja! Nani? Lini? Aandike basi kwenye hati. Haandiki, maana anajua.

Kanuni ni moja: namba kwanza, pesa baadaye. Hujaona namba mbili za vyumba kwenye karatasi, hujanunua kitu.

Ukishakubali hilo, kaa chonjo na neno "pamoja", kwa sababu lina maana tatu na mawakala hulitumia kama mchuzi, linamwagwa popote. Kuna vyumba vinavyopakana, yaani ubavu kwa ubavu, lakini ili uende cha pili unatoka koridoni. Kuna vinavyotazamana ng'ambo ya korido. Na kuna vyenye mlango wa ndani kati yake, unaoufungua mkawa kama nyumba moja. Hivyo vya tatu ni vichache, huisha mapema, na ndivyo anavyofikiria mzazi akisikia "pamoja". Usimuulize wakala kama vipo pamoja. Muulize: kati ya hii namba na hii namba kuna mlango wa ndani, ndiyo au hapana?

Halafu hakikisha mwenyewe. Fungua ramani ya sitaha ya meli hiyo hiyo, isiwe ya meli dada, yaani ya muundo mmoja nayo, maana mpangilio hutofautiana. Soma maelezo ya alama pembeni, kila kampuni ina zake. Mlango wa ndani mara nyingi ni mshale mdogo wenye ncha mbili ukikata ukuta kati ya vyumba. Kisha fungua sitaha ya juu yake na ya chini yake, uweke kidole mahali hapo hapo. Unachotaka kuona juu ni vyumba, na chini ni vyumba. Ukiona eneo jeupe lisilo na jina, huenda ni jiko au ghala la wahudumu, mikokoteni usiku kucha. Achana napo.

Onyo dogo hapa: ule mlango wa ndani unapitisha sauti kuliko ukuta. Ukichukua chumba kimoja tu chenye mlango huo, upande wa pili atakuwa mgeni, na utamjua mpaka anavyokoroma. Ama uvichukue vyote viwili, ama usiguse.

Bado hujamaliza. Mwambie wakala aweke alama kwenye bukingi zote mbili kwamba hutaki kupandishwa daraja. Najua inasikika kama kukataa zawadi. Lakini kampuni ikitaka nafasi huweza kumpandisha mtu daraja bila kumuuliza, na ikipandisha bukingi moja tu umerudi pale pale tezi na omo, safari hii ukiwa na dirisha la kuangalia bahari ukilia.

Umri nao. Kampuni nyingi za Marekani zinataka kila chumba kiwe na mtu mzima wa miaka 21 au zaidi. Kwa safari za Ulaya baadhi hushusha hadi 18. Nyingine huruhusu watoto peke yao kama wazazi wapo chumba cha jirani, ila usibahatishe. Kwenye karatasi panga mzazi mmoja na mtoto mmoja kila chumba. Mkishapanda, nenda mapokezi uombe kadi za ziada za milango, mlale mnavyotaka. Ila kituo cha dharura, pale mnapokusanyika meli ikipata hatari, hufuata kilichoandikwa kwenye kadi ya kila mtu, sio kitanda alicholala, kwa hiyo watoto wajue herufi ya kituo chao kabla ya zoezi la dharura.

Mpango huu una faida ambayo wakala hakutajii. Kampuni kadhaa zinalazimisha watu wazima wote wa chumba kimoja wanunue kifurushi cha vinywaji kama mmoja amenunua. Wazazi wakiandikwa vyumba tofauti, anayekunywa analipa na asiyekunywa anapumua.

Kuhusu kubanana wanne chumba kimoja: chumba cha ndani cha kawaida kina kama mita za mraba 14 hadi 17, choo na bafu humo humo. Vitanda viwili chini, viwili vinashushwa toka dari au ukutani usiku, kwa ngazi. Mtoto wa miaka 7 anaona ni mchezo. Wa 16 anaona ni adhabu, na kichwa chake kinagonga dari. Ukichukua chenye roshani, wa tatu au wa nne mara nyingi hulala kwenye kochi la kukunjua, na likikunjuliwa njia ya kwenda roshani inazibwa. Umelipia bahari, unatazama godoro. Na msidhani mtaanza wawili muongeze watoto baadaye: mashua za uokoaji zina idadi yake kwa kila eneo la meli, kwa hiyo kitanda kinaweza kuwa wazi na mfumo ukakataa mtu wa tatu.

Bei linganisha mstari wa mwisho tu. Omba hesabu tatu za siku moja: wanne chumba cha ndani, wanne chenye roshani, na wawili wawili vyumba viwili vya ndani. Abiria wawili wa kwanza wa kila chumba hulipa bei kamili, wa tatu na wa nne hupunguziwa, ila kodi, ada za bandari na bakshishi ni kwa kichwa, popote mlalapo. Mara nyingi vyumba viwili vya ndani hukaribia kimoja chenye roshani cha wanne, wakati mwingine vinakuwa chini yake, na mnapata mabafu mawili. Tangazo la watoto kusafiri bure lisikupagawishe: hugusa wa tatu na wa nne wa chumba kimoja, na mara nyingi lina ukomo wa umri ambao wako wameshaupita.

Kichefuchefu uliuliza: katikati ya meli, sitaha za chini. Chumba cha ndani hapo kinafaa kabisa, na giza lake ni zuri mno, kijana hataamka kabla ya chakula cha mchana.

Uliuliza pia intaneti na mavazi ya usiku wa heshima, sijayagusa, atakuja mwingine. Wewe sasa hivi mpigie huyo wakala, mwambie akutajie namba mbili na alama ya mlango. Akianza na "usijali", kata simu.