Wafoinike Katika Biblia: Watafute kwa Majina ya Miji Yao

Ukipekua Agano la Kale kutafuta Wafoinike, mabaharia wa kale wa pwani ya Lebanoni na Siria, utatoka mikono mitupu. Jina hilo walipewa na Wayunani. Katika Kiebrania mtu wa pwani ile hutajwa kwa mji wake: wa Tiro, wa Sidoni, wa Gebali, wa Arvadi. Andika kwanza majina hayo manne, ndipo ufungue itifaki ya Biblia, yaani faharasa ya maneno na aya yalimo.

Kwenye ramani ya leo, Tiro ni Sur, Sidoni ni Saida, na Gebali ni Jubail, zote Lebanoni. Arvadi ni kisiwa cha Arwad, Siria. (Sur ya Oman, kwao Wasuri wa majahazi, ni nyingine.)

Anzia Ezekieli 27. Tiro inachorwa hapo kama merikebu, na aliyezoea majahazi ataisoma kwa raha: mlingoti wa mwerezi wa Lebanoni, tanga la kitani cha Misri, wavuta makasia kutoka Sidoni na Arvadi. Mstari wa 9 unawataja wazee wa Gebali wakiziba nyufa za chombo. Kwa lugha ya bandarini, hao ni mafundi wa kalafati. Wagebali haohao utawakuta tena 1 Wafalme 5:18, safari hii wakichonga mawe ya hekalu la Sulemani.

Panapowakwaza wengi ni "Wasidoni". Hiramu ni mfalme wa Tiro, lakini Sulemani anapomwomba mierezi anamwambia hakuna ajuaye kukata miti kama Wasidoni (1 Wafalme 5:6). Hakukosea. Neno hilo lilibeba pia watu wa pwani hiyo kwa jumla, kwa hiyo usilifungie ndani ya kuta za mji mmoja.

Wao wenyewe walijiitaje? Ushahidi unaelekea kwa Wakanaani. Mwanzo 10:15 inamtaja Sidoni kuwa mzaliwa wa kwanza wa Kanaani. Karne ya 2 KK, Beirut ikiitwa Laodikia, sarafu zake ziliandikwa kwa Kifoinike kwamba mji huo ni "mama katika Kanaani". Hata Afrika Kaskazini, Augustino, askofu wa huko, aliandika kwamba wakulima wa eneo hilo, wakiulizwa wao ni nani, walijibu kwa Kipuni, yaani Kifoinike cha Afrika Kaskazini, kuwa ni Wakanaani. Sasa weka Mathayo 15:22 kando ya Marko 7:26. Mama ni yuleyule mwenye binti aliyepagawa: Mathayo anamwita Mkananayo, Marko anamwita Msirofoinike. Kwangu hakuna aya mbili zinazolieleza jambo hili vizuri zaidi.

Angalia mitego miwili. Foinike ya Matendo 11:19 na 21:2 ndiyo nchi yao, bali ile ya 27:12 ni bandari ya Krete. Na usiwachanganye na Wafilisti, ambao Amosi 9:7 inasema walitoka Kaftori. Miji yao ilikuwa kusini: Gaza, Ashkeloni, Ashdodi, Gathi na Ekroni.