Nimelipia meza ya wawili kwenye boti, naye haingii majini

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi London na mke wangu, ambaye kwao ni Wete, Pemba. Oktoba hii tunatimiza miaka kumi ya ndoa. Fungate hatukupata: tulioana Ijumaa, Jumatatu nikarudi kazini. Sasa nimeweka nafasi ya chakula cha usiku kwenye boti ya mto Thames, meza ya watu wawili dirishani, muziki, mzunguko wa karibu saa tatu, kuondoka saa mbili usiku. Nimechagua Jumamosi ya pili ya Septemba kwa sababu ndiyo pekee ambayo sina zamu na dada yangu anaweza kukaa na watoto. Mke wangu nimemwambia avae vizuri tu, mengine ni sapraizi.

Tatizo ni kwamba mama yake mdogo, aliyemlea, alifariki meli ya Spice Islander ilipozama. Tangu hapo hapandi chombo cha majini. Tukienda kwao anapanda ndege ndogo hata nauli ikituumiza. Hapa London basi likipita darajani anainamia simu mpaka tufike ng'ambo. Hatulizungumzi jambo hilo, naogopa kumtonesha. Dada yangu anasema nimpeleke tu, akishaketi na kuona taa za mji atasahau. Rafiki zangu wananiambia mto si bahari. Pesa nimeshalipa, na si kidogo. Nimwambie au ninyamaze?

Mtu wa Tanga, London

Marahaba, mwanangu.

Mwambie, na usingoje wiki iishe. Ningeweza kukomea hapo, lakini kuna jambo ndani ya barua yako ambalo naona lilikupita ulipokuwa ukiiandika.

Chukua kalenda ya mwaka 2011. Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 10 Septemba. Hiyo ilikuwa Jumamosi ya pili ya mwezi. Meli iliondoka Unguja usiku kuelekea Pemba, imejaa watu na mizigo kupita kiasi, ikazama kwenye mkondo wa Nungwi. Maiti zaidi ya 200 zilipatikana, na watu wengine mamia hawakuonekana tena. Wapo Wapemba ambao mpaka leo hawana kaburi la kwenda kulizuru. Nawe, katika wikiendi zote za mwaka, umemkatia mkeo nafasi kwenye chombo kinachoondoka gatini usiku, Jumamosi ileile, kwa kusherehekea ndoa ambayo kwa maneno yako mwenyewe ni ya Oktoba.

Najua hukukusudia. Ulitazama zamu zako, ukatazama nafasi ya dada yako, ukabonyeza. Lakini mkeo haihesabu siku hiyo kama unavyoihesabu wewe. Hebu kumbuka Septemba zilizopita. Hakuna siku mbili tatu ambazo alikuwa kimya, nawe ukadhani ni uchovu wa kazi? Hakuna siku aliyokaa na simu muda mrefu akizungumza na watu wa Wete, au ukamkuta na msahafu saa ambayo si kawaida yake? Mimi simjui, naweza kukosea. Wewe umelala naye nyumba moja karibu miaka kumi, na jibu la swali hilo ungepaswa kuwa nalo.

Sasa hili la sapraizi. Sapraizi ya pete, ya gauni, ya ndugu aliyetua Heathrow bila kusema, hizo nazikubali. Zote mtu anaweza kuzipokea au kuziweka pembeni. Mkeo akiingia hoteli ya nchi kavu na moyo ukaanza kumwenda mbio, atasema anaumwa kichwa, mtachukua koti, mtaita teksi. Kwenye boti, ikishafunguliwa kamba, hakuna mlango. Ni saa tatu nzima, vyombo vya chakula vinaletwa kimoja baada ya kingine, watu wa meza ya pili wanacheza muziki, mhudumu anauliza kama kila kitu kiko sawa, na yeye ameshika ukingo wa meza akingoja boti igeuke. Ikigeuka, bado nusu ya safari. Na kwa sababu ulimficha, hata kulalamika ataona haya, maana atajua ulilipa na ulitaka kumfurahisha. Atatabasamu kwenye picha. Wewe utarudi nyumbani ukimpigia dada yako simu kwamba mambo yamekwenda vizuri.

Hao rafiki zako wanaosema mto si bahari, ningependa kujua kama wamewahi kusimama gatini pale Westminster au Tower maji yanapokupwa. Thames ya London inapwa na kujaa mara mbili kwa siku kama pwani ya kwenu Tanga. Maji yanapanda na kushuka mpaka kama mita saba, na maji ya chumvi yasipofika mjini, nguvu ya bahari inafika, hadi Teddington huko juu. Gati lenyewe linaelea. Maji yakiwa chini, lile daraja la kuteremkia huinama sana, na boti nyingine ikipita kwa kasi kila kitu hutikisika. Mtoto wa Wete ataona mara moja kwamba haya ni maji yenye mkondo. Ukimwambia ni mto tu, utakuwa umemwonyesha kwamba hujui unachokizungumza, na ukimwambia usiogope baada ya hapo hatakuwa na sababu ya kukusikiliza.

Vilevile usimwambie kwamba boti za Thames hazizami. Kwenye simu hiyohiyo anayoiinamia darajani atasoma habari za Marchioness, boti ya starehe iliyogongwa na meli ya kuchimba mchanga katikati ya London usiku wa kuamkia tarehe 20 Agosti 1989. Watu 51 walikufa, wengi wao vijana waliokuwa kwenye sherehe ya kuzaliwa. Mwambie na yaliyofuata: uchunguzi, kelele za wafiwa zilizochukua miaka, na kuanzia 2002 vituo vinne vya boti za uokoaji kwenye mto huo, kimoja pale Waterloo Bridge ambacho watu wake wako zamu usiku na mchana. Kila boti ya abiria ina cheti kinachotaja idadi ya watu inayoruhusiwa kubeba. Kwa mtu aliyepoteza mzazi kwenye meli iliyojazwa ovyo, kujua kwamba kuna mtu anahesabu vichwa kunaweza kuwa na maana kuliko taa zote za Tower Bridge. Au kusiwe na maana yoyote. Khofu haiendi kwa hesabu siku zote, na ukweli huo nao uuheshimu.

Utamwambiaje? Si mezani mbele ya watoto, wala si kwa ujumbe wa simu. Watoto wakilala, muulize kama ana nafasi. Sema hivi, kwa maneno yako: nilikuwekea nafasi ya chakula kwenye boti kwa ajili ya ndoa yetu, sikukuuliza, na Jumamosi niliyochagua ni ile ya msiba wenu, nisamehe. Kisha nyamaza. Usiongeze kwamba ni ghali. Usiseme lakini. Akitaka kulia alie, akitaka kucheka acheke, maana wanawake wengine hucheka kwanza. Na kama mlango ukifunguka, muulize juu ya mama yake mdogo. Si juu ya ajali. Muulize alikuwa mtu wa namna gani, alipika nini, alimwitaje mkeo alipokuwa mdogo. Unasema hutaki kumtonesha, lakini kidonda kipo kila siku. Ila anakiangalia peke yake.

Ukishamwambia, uamuzi ni wake.

Akikataa, usinune. Piga simu kampuni ya boti, uliza kama wanabadilisha tarehe au wanarudisha kitu, kila mmoja ana masharti yake na muda ndio unaosaidia, ndiyo sababu nyingine ya kufanya hivi mapema. Kisha chagueni pahala pa nchi kavu. Ukingo wa kusini wa mto umejaa mikahawa ambayo mtu anakaa dirishani, anaona maji na miguu yake iko kwenye saruji. Kuna na vyombo vilivyofungwa kamba moja kwa moja pale Victoria Embankment na kugeuzwa pahala pa kula na kunywa, kama Tattershall Castle, iliyojengwa 1934 kuvusha watu mto Humber. Haiendi popote, na ukitaka kutoka unatoka. Lakini ni baa, kwa hiyo hilo mtapima wenyewe. Na kama atasema anataka biriani nyumbani na watoto wapelekwe kwa shangazi yao, mwanangu, hiyo ni fungate pia, tena bila foleni ya makoti.

Akisema yuko tayari kujaribu, usikimbilie ile saa mbili usiku. Jua la London katikati ya Septemba linazama baada ya saa moja na robo hivi, kwa hiyo boti yako ingeondoka gizani. Kampuni nyingi zina safari za mchana, za chakula cha mchana au chai ya alasiri, ambazo kwa kawaida ni fupi kuliko ya usiku, na mtu anaona kingo zote mbili muda wote. Ombeni meza ya karibu na ngazi, si ya pembeni kabisa. Ile ya dirishani uliyolipia zaidi huenda ndiyo asiyoitaka. Fikeni mapema, mwonyeshe makoti ya kuokolea yanakowekwa, msikilize pamoja lile tangazo la usalama ambalo abiria wengine hulipuuza wakichagua kinywaji. Na kuhusu kinywaji: nyingi za safari hizi hupokea wageni kwa glasi ya mvinyo, na nyama yao si lazima iwe ya halali. Waambie siku kadhaa kabla, waulize samaki, waulize juisi. Nimeona wanaume wakipanga kila kitu mpaka maua, kisha mke akala viazi na saladi usiku kucha.

Kabla ya hapo jaribuni kidogo kidogo. Woolwich kuna feri ya bure ya kuvusha magari na watu, safari ya dakika chache tu, unaliona gati la pili tangu unaondoka. Akipenda, siku nyingine mpande zile boti za wasafiri wa kawaida zinazosimama gati hadi gati. Akichoka anateremka kituo kinachofuata, kama basi. Akisema imetosha baada ya feri ya Woolwich, basi imetosha, rudini nyumbani na usimwambie mbona wengine wanaweza.

Kuna jambo moja zaidi, nalisema haraka kwa sababu najua sisi watu wa pwani hatulipendi. Kama anashtuka usingizini, au kama kukwepa maji kumeanza kumfungia mambo mengine, Uingereza kuna huduma ya mazungumzo ya NHS, yaani idara ya afya ya umma, ambayo mtu mzima anajiandikisha mwenyewe bila malipo, na mkalimani anaweza kuombwa. Si kwamba ana kichaa. Ni msiba ambao haukupata mazishi. Lakini hilo lipendekeze baada ya yeye kuzungumza, si usiku uleule wa kwanza, asije akadhani umemwita ili umpeleke kwa daktari.

Dada yako nadhani anampenda wifi yake, na hakusema kwa ubaya. Ila anayesahau kwa kuona taa ni yule ambaye hakufiwa. Mshukuru kwa kukubali kukaa na watoto, mwambie tarehe imebadilika. Na kampuni ikigoma kabisa kurudisha pesa, mpe yeye hizo tiketi, aende na mumewe, wewe ubaki na watoto wao.